Ufunguo nao umeenda semina

Ndugu Mhariri,

Nawasoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari, ila ile taarifa yenu kwamba huduma za afya ya akili sasa zimefika kijijini imenishinda kunyamazia. Zimefika, sikatai. Zilifika asubuhi, zikapigwa picha, zikaondoka kabla ya adhuhuri.

Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili. Anachomwa flufenazini, sindano ya mwezi, na akiipata kwa wakati humtambui kama mgonjwa: analima, anatania watu, anadai madeni yake. Mwezi uliopita tulitoka alfajiri kwa miguu hadi kituo cha afya. Muuguzi wa wagonjwa wa akili ni mmoja tu, naye yuko semina. Dawa ipo? Ipo, tunaiona kwenye kioo cha kabati. Ufunguo je? Ufunguo nao umeenda semina. Tukaambiwa turudi Jumatatu, Jumatatu tukaambiwa Alhamisi. Wiki ya tatu mdogo wangu halali tena, anajibizana na ukuta, mpaka usiku mmoja majirani wakaja na kamba. Kamba, Mhariri! Watu wanaolima naye shamba kwa shamba! Niliwapigia magoti mimi, mtu mzima. Halafu mwandishi wenu anatuambia wanakijiji hatuna mwamko, tunakimbilia kwa waganga. Mganga ukimgongea usiku wa manane anafungua.

Na hiyo namba ya simu ya ushauri nasaha mliyoichapa kwa wino mzito: huku mtandao unashikwa juu ya kichuguu. Mtu aliyezidiwa na mawazo aparamie kichuguu gizani, abonyeze moja, abonyeze mbili, asubiri muziki uishe?

Msiniambie wataalamu ni haba. Mpango wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, wa kuziba pengo la huduma za afya ya akili, tangu 2008 unasema mhudumu wa afya wa kawaida akifundishwa anaweza kuwahudumia wagonjwa hawa. Kule Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14 aliowafundisha, wanakaa kwenye benchi na watu waliozidiwa na mawazo, wanawasikiliza. Sindano yenyewe muuguzi yeyote anajua kuichoma. Kinachomshinda ni kitasa.

Kwa hiyo mkutano mwingine wa wadau siuombi. Wachonge ufunguo wa pili, wamkabidhi mama anayefagia kituo. Safari zote zile, ni yeye peke yake ambaye hatukumkosa.

Dada wa mgonjwa