Barua kwa Vijana wa Zamu ya Mlangoni

Wanangu mnaosimama mlangoni Jumapili, nyinyi wa Kaptembwo, wa Rhonda na kwingineko humu Nakuru, mnaotupokea na kutuonyesha pa kukaa, Bwana asifiwe.

Nawaandikia nikiwa na hasira. Jumapili iliyopita kijana mmoja aliinuka katikati ya mahubiri, akatembea hadi nyuma ya kanisa, akarudi. Akainuka tena. Mara ya tatu wawili wenu mkamshika mikono, huyu huku na huyu kule, mkamtoa nje mkamsimamisha kando ya tangi la maji kama mtu aliyeiba sadaka. Mhubiri akatuambia tunyooshe mikono tukemee pepo. Mwenzake aliyekuja naye, yule fundi viatu, alipowafuata kuwaeleza, mmoja wenu akamuuliza: "Kwani wewe ni nani wake?" Fundi akanyamaza. Nilimwona akitazama chini.

Kwa kuwa yeye hakujibu, nitamjibia.

Huyo fundi anatumia dawa za akili mwaka wa 11 sasa. Kila Alhamisi hukutana na wenzake chini ya mti karibu na kliniki, wote watu waliowahi kulazwa, wakaulizana habari za usingizi, chakula, dawa na kodi ya nyumba. Kijana alipotoka wodini akasema anatamani kanisa ila anaogopa macho ya watu, fundi ndiye aliyesema, "Twende wote." Kwanza walikuja siku ya katikati ya juma, kanisa likiwa tupu, wakakaa kidogo wakaondoka. Wakachagua ibada ya pili kwa sababu dawa ya usiku humwacha kijana mzito mpaka saa tatu asubuhi. Wakachagua viti vya pembeni. Wakapatana kwamba miguu ikimsumbua, atatembea hadi nyuma na kurudi, na fundi atabaki akimshikia nafasi. Kwa hiyo kile mlichokiita vurugu kilikuwa mpango wao, na ulikuwa ukifanya kazi. Nyinyi ndio mlioukatiza.

Nilikuwa nesi miaka 33. Ziko dawa, haloperidol ni mojawapo, zinazoweza kutuliza sauti kichwani lakini zikaacha miguu haitulii. Mtu anahisi ndani ya mifupa kwamba lazima ainuke. Huo si utovu wa adabu wala si pepo, na akimweleza daktari, dawa hupunguzwa au hubadilishwa. Mimi nilifundishwa hayo darasani. Fundi aliyajua kwa mwili wake, na ndiye aliyemwambia kijana asinyamaze siku ya kliniki. Sisi tuliomnyooshea mikono, ni nani kati yetu angemwambia hivyo?

Kuna jambo lingine limenikaa rohoni, nalo ni makesha.

Kaka yangu alikuwa na ule ugonjwa wa kupanda na kushuka: miezi anashindwa hata kuoga, kisha wiki anazoruka bila kuchoka. Mwaka 1987, akiwa ametulia, kanisa lilimwalika kwenye kesha la siku tatu. Usiku wa kwanza aliomba vizuri. Usiku wa pili aliomba kuliko wote. Usiku wa tatu alikuwa akisema bila kupumua, amegawa viatu vyake na koti lake, na sisi tukapiga vigelegele tukisema ameshukiwa. Nilikuwa mmoja wao, tayari nikiwa nesi! Siku ya tano tulimpeleka hospitali akiwa amefungwa kamba za mbuzi, na alama zake hazikumtoka mikononi.

Kukosa usingizi peke yake kunaweza kuamsha ugonjwa ule. Mfungo mkavu nao ni hatari kwa anayetumia lithium, dawa ya ugonjwa huo, kwa sababu mwili ukikauka dawa hubaki nyingi kwenye damu na inaweza kugeuka sumu. Majirani zangu Waislamu kule Bondeni wanajua wazi kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani. Sisi Wakristo tunamwambia afunge ndipo apone! Kama kaka yangu angekuwa na mtu mmoja tu aliyepitia kama yeye, angemwambia, "Ndugu yangu, mimi kesha langu mwisho saa tatu, twende tukalale." Neno hilo lingetoka kinywani mwa mwenzake, angelisikia. Likitoka kwangu, dada yake mkubwa, lilikuwa amri.

Aliporudi kutoka wodini hakuna aliyekaa naye benchi moja. Watu walisogea, kwa upole, wakitabasamu. Baada ya miezi miwili akaacha kuja. Tulimzika 2004, na siku hiyo kanisa lilijaa mpaka nje, kwaya mbili.

Mengine nitayataja tu. Msimguse mtu kabla hamjamwuliza. Msimlazimishe kutoa ushuhuda. Akipona au asipopona, habari zake ni zake. Msimwite mbele kila wiki aombewe kwa jina. Anayewaambia watu watupe dawa, mleteni kwangu. Aliyesindikiza mwenzake si askari wake, msimkabidhi lawama. Tena yeye naye huugua, kwa hiyo muulizeni pia kama amelala.

Wala sisi wazee hatuna pa kujificha. Mtu akivunjika mguu tunafungua kikundi cha WhatsApp na mchango unafika jioni. Akiugua akili tunanong'ona, na mama yake ananunua dawa peke yake. Sheria ya afya ya akili ya 1989 ilirekebishwa 2022, na Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Hadi siku hiyo aliyenusurika angeweza kutolewa hospitalini akapelekwa kortini. Mahakama imetangulia kuona huruma, na makanisa yetu bado yanauliza mtu alifungua mlango gani shetani akaingia. Nabii Eliya alipolala chini ya mti akiomba afe, malaika hakumkemea. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena.

Nanyi akina mama wa rika langu mnaosema hamkusomea mambo haya: kule Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha bibi wazee kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza waliolemewa na mawazo. Bibi kama mimi na wewe.

Jumanne nilikwenda kibandani kwa fundi, pale stejini. Kijana alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimpakia uzi nta. Hatukuongea sana. Niliwaomba msamaha kwa niaba yenu, na kwa ajili yangu pia, kwa sababu nami niliunyoosha mkono ule. Kijana aliendelea kupaka uzi. Mwishowe akasema atajaribu mara moja zaidi.

Basi Jumapili hii, ibada ya pili, wanakuja. Viti viwili vya pembeni, safu ya saba, upande wa dirisha. Msiache mtu aweke mkoba pale. Kijana akiinuka, mpisheni. Na huyo fundi muulizeni jina lake. Amekuja miezi minne na hakuna aliyemuuliza.

Mama yenu wa benchi la nne