Kabla kamera haijawekwa

Zawadi mpendwa,

Salamu kwako na kwa wa nyumbani. Ukimya wako tutauzungumza siku nyingine. Rehema kaniambia Jumatatu inawekwa kamera ya video katika chumba cha dharura cha watoto, ili daktari wa mbali awaone wagonjwa, ndiyo maana naandika haraka.

Tafadhali, mtoto asisubiri video iunganike. Njia ya hewa ifunguliwe, oksijeni iwekwe, na mtu wa pili ndiye ampigie daktari. Muuguzi akiwa peke yake, simu ikae kwenye spika, mikono ibaki kwa mtoto.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni kupumua. Picha ikikwamakwama, daktari wa mbali anakosa pumzi kadhaa bila kujua. Ahesabu muuguzi, dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, kisha aitaje namba. Kuanzia 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, anapumua haraka mno. Kazi ya kamera ni kuonyesha kifua kinavyobonyea: nguo zifunuliwe hadi kitovuni, kamera ikae ubavuni, si darini, na dirisha lisiwe nyuma ya mtoto.

Halafu sauti! Programu nyingi za video huchuja kisichofanana na maneno, kwa hiyo ule mguno mdogo wa mtoto anapotoa pumzi unaweza kufutwa kama kelele ya feni. Baraka auzime uchujaji huo kwenye mipangilio.

Rangi ya midomo msiitegemee, taa huipotosha. Tumieni kipimo cha oksijeni chenye klipu ya saizi ya mtoto. Chini ya asilimia 90, oksijeni.

Na dozi. Diazepamu, dawa ya degedege, kwa njia ya haja kubwa ni 0.5 mg kwa kilo, hivyo wa kilo 8 anapata 4 mg. Kwa ampuli ya 10 mg katika 2 ml, hiyo ni 0.8 ml. Mtandao ukikatika katikati ya sentensi, "miligramu nne" ikasikika "mililita nne", ni mara tano ya dozi! Muuguzi arudie kwa sauti, kisha aonyeshe bomba la sindano mbele ya kamera, mistari isomeke, ndipo atoe dawa.

Mizani imo chumba hichohicho? Umeme ukikatika, rauta ina betri? Namba ya simu ya kawaida ya daktari imebandikwa ukutani? Na usiku nani anapokea? Nijibu kabla ya Jumatatu, hasa hilo la uchujaji wa sauti.

Wako,
Neema