Wito wa harambee: daraja la watoto katika kituo chetu cha asili, Arusha

Ndugu wazazi, majirani, waumini wa makanisa na misikiti ya kata yetu, na ninyi mlioko mbali ambao bado mnaiita Arusha nyumbani: Bwana asifiwe, asalaam alaykum, na wakubwa zetu shikamooni.

Masika ya mwaka huu yamechukua daraja la miti kwenye kijito kinachoingia Mto Themi, na tangu hapo kituo hakipokei wanafunzi. Shule ambazo hazijapata habari bado zinakuja. Watoto wanafika getini wamevaa sare safi, wamechangishwa nauli wiki nzima, nasi tunawaeleza walimu wao kwamba haiwezekani. Tunaona aibu kuwarudisha, na tunaona aibu pia kurudi kwenu kuomba tena.

Wengi mmeuliza: mabanda ya wanyama yako upande huu wa kijito, kwa nini watoto wasiangalie wanyama tu waende zao? Jibu la swali hilo ndilo sababu ya wito huu.

Darasa la watoto 45 huwa tunaligawa mafungu matatu ya watoto 15. Fungu moja linakuwa kwenye mabanda, la pili linavuka kwenda kutembea msituni, la tatu linakaa kwenye meza ya mafunzo, kisha wanabadilishana. Daraja lisipokuwepo, wote 45 wanarundikana mbele ya mabanda, na wanyama hawastahimili. Bundi mwenye bawa lililounga vibaya hutanua manyoya, hugonganisha mdomo, na jioni hamgusi panya aliyewekewa. Tumbili aliyeokolewa akiwa na kovu la kamba kiunoni huanza kuzunguka banda kwa mstari uleule bila kukoma. Kobe aliyeunguzwa gamba na moto wa shamba hujificha, akakosa jua la asubuhi, na kobe asiyepata joto hawezi kusaga majani tumboni. Hawa hawana pa kurudi. Bundi wa bawa bovu hawezi kuwinda, na tumbili aliyelelewa jikoni atafuata watu hadi apigwe. Wanatunzwa kwa kibali, kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema mnyamapori ni mali ya umma. Tukiwaumiza kwa kelele, tumevunja kile tulichokabidhiwa.

Ng'ambo ya kijito kuna njia ya kilomita moja na nusu chini ya mikuyu. Huko mtoto anamwona mbega akiwa huru juu ya mti, na akitazama vizuri anaona mkono wa vidole vinne, pa kidole gumba pamebaki kinundu. Anaelezwa kwa nini chakula chote kinaachwa getini: tumbo la mbega lina vyumba vya kuchachusha majani, na mkate au ndizi mbivu vikiingia humo vinachacha upesi, tumbo linajaa gesi, mnyama anaweza kufa. Anamwona hondohondo akimeza kuyu nzima na kwenda kuangusha mbegu mbali. Haya hayafundishiki ubaoni.

Meza ya mafunzo nayo ina kazi yake. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika kibonge cha kijivu cha manyoya na mifupa, ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima. Tunakiloweka kwenye maji, mtoto anavaa glovu na kukichambua kwa kijiti, polepole, hadi fuvu la panya litokee na yale meno ya mbele ya rangi ya machungwa. Kibonge kimoja kinaweza kuwa na mafuvu zaidi ya moja. Mtoto aliyeyahesabu mwenyewe ana la kujibu akisikia bundi ni wa wachawi, na ataelewa kwa nini sumu ya panya inayomwagwa ovyo ghalani inamuua pia huyu anayelinda mahindi. Mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kuondoka mezani, hakuna msamaha.

Sasa daraja. Lile la zamani lilikuwa la magogo ya mkaratusi yaliyolazwa moja kwa moja kwenye udongo wa kingo. Juu lilionekana zima, lakini ncha zilizogusa udongo zilikuwa zimeoza na kuliwa na mchwa. Lilikuwa pia na nguzo katikati ya maji. Mafuriko yalipoleta migomba, matawi na chupa za plastiki, vyote vilikwama kwenye nguzo hiyo, maji yakapanda, yakatafuta njia pembeni na kuikata kingo. Tukirudisha magogo tutayapoteza tena.

Fundi amependekeza daraja la mita 6 kati ya kingo na kingo, lisilo na nguzo majini, juu ya misingi miwili ya mawe na saruji. Kila msingi ni upana wa mita 2, unene mita 1 na kimo mita 1.5. Sakafu itakuwa sentimita 80 juu ya alama ya mafuriko iliyobaki kwenye shina la mkuyu. Upande maji yanakotokea tutaweka vikapu vinne vya waya vilivyojazwa mawe, vikizamishwa nusu mita chini ya kitanda cha kijito, kwa sababu maji hula msingi kuanzia chini. Vinahitajika: saruji mifuko 20, mchanga tripu moja, mawe mita za ujazo 15, bimu mbili za chuma za mita 7, na mbao 15 zilizotiwa dawa, futi 12, inchi 2 kwa 6. Kila ubao unatoa vipande vitatu vya upana wa daraja, vinavyopigiliwa kwa nafasi ya sentimita moja ili maji yapite na kidole cha mtoto kisinase. Juu yake ni waya wa kuku dhidi ya utelezi. Vishikio ni viwili kila upande, kimoja cha kimo cha mtu mzima na kimoja cha mtoto wa darasa la kwanza.

Pamoja na ufundi na usafiri, makadirio ni shilingi 4,200,000. Kibanda wala choo hatujengi pale. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka mtoni, na hili daraja la miguu tumeliombea kibali kupitia ofisi ya mtaa.

Uzio wa sasa ni wenu. Mlileta nguzo, mkaleta waya, akina mama wakapika siku zote za kazi, hatujasahau. Kadi za harusi katika mtaa huu zinafika hata kwa asiyemjua bwana harusi, na tunachanga. Tunaomba mkono uleule kwa watoto wetu, na kwa viumbe ambavyo Mwenyezi Mungu ametuachia kama amana.

Michango inapokelewa na mweka hazina, kwa risiti. Fedha hutoka kwa sahihi tatu. Mapato na matumizi yatabandikwa getini kila Jumamosi.

Misingi lazima ijengwe Agosti na Septemba, maji yakiwa chini, ili saruji ikomae kabla ya vuli. Mawe na mchanga vinaweza kuletwa kuanzia sasa. Lori lipite geti la chini, la juu ni jembamba. Saruji isubiri tangazo letu, kwa kuwa stoo ina unyevu na mfuko ukikaa humo wiki chache unaganda.