Risala ya Wahitimu wa Ufundi wa Mitambo Midogo ya Joto na Umeme kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha katika mahafali haya. Fani yetu ni mitambo inayotumia kuni kupasha maji yanayosambazwa kwa mabomba majumbani, na wakati huohuo kuzalisha umeme. Tuna neno moja zito mbele yako: ukubwa wa mtambo upimwe kwa joto linalohitajika, si kwa umeme unaotamaniwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, joto halisafiri mbali kama umeme. Lisipopata mtumiaji hutupwa hewani, na kuni zake zimekwisha kulipiwa. Ndiyo maana kazi huanza kwa kupima mahitaji ya joto ya mtandao wa mabomba saa kwa saa, mwaka mzima. Tuchukue mtandao unaohitaji kilowati 2,000 siku ya baridi kali. Kilele hicho hudumu saa chache tu. Majira ya joto, yanapobaki maji ya kuogea na joto linalopotea mabombani, mahitaji yanaweza kushuka hadi kilowati 250. Hapo mtambo wa umeme utoe joto la kilowati 500, na boila ya kawaida ibebe kinachozidi. Bora zaidi iwe mitambo miwili, kila mmoja wa joto la kilowati 250: majira ya joto mmoja unafanya kazi, mwingine unafunguliwa kwa matengenezo.

Katika tanuri la gesi la mitambo hii, kuni hunyimwa hewa ya kutosha ili zitoe gesi, nayo husafishwa na kuingia kwenye injini inayozungusha jenereta. Kuni zenye nguvu ya kilowati 1,000 hutoa umeme wa takriban 250 na joto la takriban 500. Kwa vipande vikavu vyenye unyevu wa asilimia 15, hizo ni kama kilo 233 kwa saa.

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Mti uliokatwa karibuni una unyevu wa karibu asilimia 50. Ili kupata kilo hizo 233, ni lazima kuondoa maji kilo 163 kila saa, na kikaushio cha kawaida hula takriban kilowati-saa moja kwa kila kilo ya maji. Basi karibu kilowati 160 za joto, kati ya zile 500, zinaishia kwenye kikaushio kabla nyumba hata moja haijapata joto! Magogo yakianikwa juani na penye upepo hadi yafike asilimia 30, maji ya kuondoa hushuka hadi kilo 50 kwa saa. Banda lenye paa na sakafu inayopitisha hewa linaokoa zaidi ya kilowati 100, na hatujaona kifaa cha bei yake kinachofanya kazi kubwa hivyo.

Vipande vibichi vina madhara mengine. Sehemu ya tanuri inayoungua lazima ipite nyuzi 1,000 ili lami ya kuni ivunjike. Unyevu ukipanda, moto hupoa, lami inapita nzima na kuganda pale gesi inapopoa. Fundi akifungua kifuniko cha injini hukuta shina la vali limevikwa gundi nyeusi, vali haifungi sawasawa, na nguvu imeshuka. Kubadilisha vali bila kupima unyevu wa kuni ni kurudia kazi. Vumbi la mbao nalo huziba njia ya hewa. Gesi hutafuta upenyo mmoja na sehemu nyingine ya tanuri inapoa. Vipande vichekechwe kwanza.

Maji yanayorudi kutoka majumbani yasizidi takriban nyuzi 60. Yakirudi yakiwa moto zaidi, injini haipoi na kinga yake huizima. Mara nyingi kosa haliko mtamboni: ni vali ya njia ya mkato, inayorudisha maji bila kutoa joto lake, iliyoachwa wazi kwa mteja, au kibadilisha joto kilichojaa ukoko wa chokaa. Tangi la akiba la mita za ujazo 50, kwa tofauti ya nyuzi 35, hubeba joto la saa nne la mitambo yote miwili, hivyo injini haizimwi na kuwashwa ovyo.

Mtambo wa mafuta ya joto na turbini, ambamo moto wa kuni hupasha mafuta na joto lake huendesha turbini, huvumilia kuni mbichi, ila sehemu ya umeme ni ndogo, asilimia 15 hadi 20 ya nguvu ya kuni. Unafaa mitandao mikubwa kuliko huu wa mfano wetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, karibu asilimia 20 ya gesi ya kuni inayotoka tanurini ni kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Tunaomba kila chumba cha tanuri kiwe na vihisi viwili vya gesi hiyo, na fundi asiingie bila kihisi cha kubeba mwilini.

Maombi yetu mengine ni mawili. Chuo kipatiwe kipima unyevu na tanuri dogo la kukaushia sampuli. Na kila mradi utakaoletwa kwako kutiwa saini uwe na vipimo vya joto vya mwaka mzima; usipokuwa navyo, tunakusihi uurudishe.

Tunaomba kuwasilisha.