Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Shule na Tamasha la Vikundi Vidogo vya Muziki, Mbeya

Wazee wetu, shikamooni. Wanachama wenzangu, salaam.

Shule ilifanyika wakati wa likizo ya katikati ya mwaka kama kawaida, ikafuatiwa na maonyesho ya jioni. Wenzetu wa Ulaya huendesha shule za namna hii majira yao ya joto; sisi tuko katikati ya kipupwe, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, mchana upepo mkavu na usiku baridi. Karibu kila kilichokwama kilianzia hapo, na kwenye kosa moja la Kamati: tulichagua muziki kwanza, ala na ukumbi tukavikagua baadaye.

Nianze na mbao. Fidla inayotoka Dar es Salaam, au hata Tukuyu kwenye ukungu, ikifika Mbeya mjini hukauka na kunywea. Vigingi (vijiti vya kukazia nyuzi) vinalegea, nyuzi zinafunguka zenyewe usiku. Kigingi kinachoteleza kipakwe chaki kidogo, kinachogoma kipakwe sabuni kavu, na kisukumwe kwa ndani huku kikizungushwa. Kilichotusumbua zaidi ni wanafunzi kulegeza nyuzi zote nne kwa mpigo. Ile nguzo ndogo ya ndani haikugandishwa kwa gundi, inashikiliwa na mkandamizo tu. Nyuzi zikilegea zote inaanguka, na kuirudisha si kazi ya mwanafunzi. Utolewe uzi mmoja, urudishwe, ndipo uguswe mwingine. Kila baada ya kukaza, daraja (kibao kinachoinua nyuzi) litazamwe: nyuzi hulivuta kuelekea kwenye vigingi, na likiachwa limeinama hupinda.

Singa za upinde (nywele zake za farasi) nazo hufupika kwa ukavu. Upinde ulioachwa umekazwa usiku kucha unaweza kuvunjika kichwa, kwa hiyo ulegezwe kila baada ya kupiga. Ndani ya kesi iwekwe sponji iliyolowekwa na kukamuliwa vizuri, kwenye kisanduku cha sabuni kilichotobolewa. Unyevu wa asilimia 40 hadi 60 unatosha. Mshono ukiachia, tafadhali sana, msitumie gundi ya dukani inayokauka papo hapo. Fidla huunganishwa kwa gundi ya ngozi ili fundi aweze kuifungua. Ile nyingine inang'ang'ania mpaka ubao wenyewe upasuke.

Klarineti, ala ya kupuliza, ni habari nyingine. Tuliweka kwenye programu kwinteti ya Mozart ya mwaka 1789, K. 581 (muziki wa klarineti moja na ala nne za nyuzi), bila kuuliza nani ana klarineti ya A, ambayo sauti yake iko chini nusu toni kuliko ya B-flati. Wote walileta za B-flati. Kwenye klarineti ya A sehemu hiyo husomeka C meja, haina shapu (alama ya kupandisha noti nusu toni) hata moja. Ukiihamishia ya B-flati inakuwa B meja, shapu tano, na noti ya chini kabisa ya klarineti ya A haipatikani hata ufanye nini. Tuliiondoa siku ya tatu, na mazoezi ya wapiga nyuzi wanne yakapotea bure. Klarineti za mpingo (mti wetu wenyewe wa kusini, ingawa tunaununua ukiwa umerudi kutoka ng'ambo) zisipulizwe kwa nguvu zikiwa baridi. Pumzi hupasha moto upande wa ndani, nje bado ni baridi, ubao unapasuka. Zishikwe kwanza mkononi au chini ya koti. Iliyo mpya ipigwe dakika 15 au 20 tu kwa siku za mwanzo.

Piano iliwekwa sauti mwishoni mwa mvua. Kufikia Julai ubao wake ulikuwa umekauka na sauti imeshuka. Jioni klarineti baridi ilikubaliana nayo, tukajidanganya kuwa mambo ni shwari. Ilipopata joto ikapanda, piano ikabaki pale pale.

Kuhusu nota, wengi wa wanafunzi ni wanakwaya wanaosoma do-re-mi kwa wepisi. Lakini do yao huhama kila ufunguo wa wimbo unapobadilika, na kidole cha fidla hakijui hilo. Kilichosaidia ni kila mmoja kuimba sehemu yake kwanza, halafu kuisoma kwenye mistari mitano akitaja majina ya noti, ndipo ashike ala. Wa viola (fidla kubwa kidogo) walihangaika zaidi, maana nota zao huandikwa kwa alama tofauti ya mwanzo wa mistari, na kwao C ya kati iko mstari wa tatu. Kwa usafi wa sauti, hata hivyo, wanakwaya waliwazidi waliozoea piano pekee, wala sishangai.

Kamati inaomba ridhaa yenu kwa haya: ala zote zikaguliwe kabla ya kuchagua muziki; piano ikae ukumbini wiki mbili ndipo iwekwe sauti, na iguswe tena siku ya kwanza ya maonyesho; jiko la mkaa lisiingie ukumbini kabisa, kwa kuwa hewa yake huua watu kabla haijakausha fidla. Badala yake maonyesho yaanze saa kumi alasiri, bati likiwa bado lina joto.

Hesabu za fedha atazisoma Mhazini.