Baba mdogo, ile barafu uliyotuambia nimeisikia

Shikamoo baba mdogo,

Najua kusoma kwenye simu hutaki, macho yanakusumbua na kioo chenyewe kimepasuka, kwa hiyo nimeshamwambia mdogo wangu akusomee yote na asiruke kitu. Naandika hapa wazi badala ya kukutumia voisi kwa sababu nataka na wengine wasome, hasa wenye baba au mjomba aliyepandisha mizigo Kilimanjaro miaka na miaka na hakuna aliyewahi kukaa naye chini akamuuliza kule juu aliona nini.

Nipo Greenland. Ndiyo, nimetoka Copenhagen nilikokuwa nafanya kazi, nimechukua likizo yangu yote ya mwaka nimekuja huku kwenye barafu. Mama aliponiuliza unaenda kutafuta nini huko nikashindwa kumjibu vizuri, jibu nakupa wewe.

Hii nchi ni kubwa, ukichukua Tanzania mara mbili bado inazidi, lakini watu wake wote ni kama elfu 57, yaani ukiwaita wote Uwanja wa Mkapa haujai. Asilimia kama 80 ya ardhi imefunikwa na barafu, sehemu nyingine unene wake unapita kilomita 3, kwa hiyo watu wanaishi pembeni tu, kwenye ule ukingo wa mawe kati ya barafu na bahari. Na hakuna barabara ya kutoka mji mmoja kwenda mwingine, hata moja. Unaenda kwa ndege, helikopta au boti, na baridi ikishika kule kaskazini kwa sleji, kile chombo cha kuteleza kwenye barafu kinachovutwa na mbwa. Nuuk, mji mkuu, nimekaa siku mbili tu, ni mji mzuri una majengo na foleni zake ndogo, tangu Novemba 2024 ndege kubwa zinashuka pale pale moja kwa moja. Lakini sikuja kwa ajili ya Nuuk.

Nikapanda meli, inaitwa Sarfaq Ittuk, inapita pwani ya magharibi kwenda kaskazini mpaka Ilulissat. Usidhani ni meli ya watalii, ni kama Liemba kule Tanganyika, watu na mabegi yao na watoto wao, kina mama wanafuma, wengine wanarudi makwao kutoka hospitali, ikifika kituoni nusu ya kijiji iko gatini inapokea watu na inaaga watu. Tumepita Maniitsoq, tumepita Kangaamiut ambako nyumba zimebandikwa kwenye jabali utafikiri upepo ukivuma zinashuka, nyekundu, njano, buluu. Zamani rangi zilikuwa na maana, njano hospitali, buluu kiwanda cha samaki, ukifika mahali hujui lugha unajua pa kwenda. Mti hakuna. Baba mdogo, mi mtoto wa Machame, nimezoea migomba na grevilea mpaka dirishani, siku ya tatu ndo nikagundua kinachonikosesha usingizi ni kwamba upepo unavuma na hakuna jani linalolia.

Au labda ni jua. Sa hizi ni mwisho wa Juni, jua halizami kabisa, linazunguka tu. Sisi saa zetu tunazihesabu kuanzia linapochomoza na linapozama, sasa niambie, saa saba ya usiku na jua linakupiga usoni unaiitaje saa saba ya usiku? Nilijaribu kumweleza mama mmoja kwenye meli, mwalimu, kwamba kwetu jua likitoka tunaanza kuhesabu moja. Alifikiri sana, akasema huku mwezi wa kumi na mbili basi msingekuwa na saa kabisa. Ilulissat jua linapotea mwishoni mwa Novemba, likirudi tarehe 13 Januari watu wanapanda mlima kulisubiri, watoto na wazee, linaonekana dakika chache tu na wanaimba.

Huyo mwalimu ndo sababu ya mimi kukuandikia. Tulikuwa tunaongea mambo ya lugha, akaniambia lugha yao, Kalaallisut, neno moja linaweza kuwa sentensi nzima, unapachika vipande mpaka imekamilika, na wageni wengi wanakata tamaa hapo hapo. Nikamwambia mbona hata sisi tuko hivo hivo. Akasema nipe mfano. Ningeweza kumpa neno lolote, baba mdogo, lakini lililotoka mdomoni ni "hatukukusikiliza". Akaniambia nilikate vipande, nikakata, hatu, ku, ku, sikiliza, yeye anaandika kwenye kidaftari, halafu akainua macho akauliza, nani hamkumsikiliza?

Nikamsimulia. Kwamba nina baba mdogo aliyekuwa mgumu Kilimanjaro, amebeba mizigo miaka mingi, kipindi ambacho ulituambia hakuna aliyekuwa anapima kilo getini. Kwamba ulikuwa unarudi nyumbani na midomo imepasuka, unakaa jikoni kwa bibi na unasema ile barafu ya Kibo inaisha. Ulisema hailii maji kama barafu ya kwenye friji, ulisema inakauka, inakauka kama nguo kwenye kamba, na kingo zake zinabaki wima kama ukuta uliokatwa kwa panga. Na usiku inapasuka, inaongea. Sisi tulicheka. Baba yangu alisema ni hewa ndogo ya kule juu inakuchezea kichwa. Shuleni tuliandika kwenye daftari kwamba mlima Kilimanjaro una theluji ya kudumu na mwalimu akaweka vema.

Nimekuja kusoma ukubwani. Mwaka 1912 ile barafu ilipimwa kama kilomita 12 za mraba, kufika 2007 asilimia 85 ilikuwa imeshaondoka. Na wanasayansi wamekuja kusema ulichosema wewe kwa bibi, kwamba kule juu nyingi haiyeyuki kuwa maji, jua na hewa kavu vinaila hivo hivo mpaka inapotea hewani, na theluji mpya ya kuifunika imekuwa haba. Na zile kuta wima ulizotuambia zipo kwenye picha zao. Ulilala kambi ya Barafu mara ngapi baba mdogo, na pale sasa ni mawe matupu, limebaki jina.

Mwalimu alinyamaza kidogo halafu akasema huku mzee akisema barafu imebadilika watu wanaacha wanachofanya, kwa sababu kesho yake mtu atakuwa amesimama juu yake.

Hilo sikulielewa mpaka nilipofika. Ilulissat maana yake ni milima ya barafu, wenyewe wameuita mji hivo na hakuna jina lingine lingefaa. Kuna mto wa barafu unaitwa Sermeq Kujalleq, unatoka kwenye ile barafu kuu unaingia kwenye hori refu, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na ni kati ya mito ya barafu inayokimbia kuliko yote duniani, kiangazi cha 2012 ulipimwa unatembea mita 46 kwa siku. Barafu inatembea baba mdogo. Inavunjika vipande vikubwa kama kilima, vinaelea vinasukumana mpaka mdomo wa hori, pale chini kuna kizingiti zaidi ya mita 200 kwenda chini, vile vikubwa vinakwama vinapanga foleni mpaka vipungue au visukumwe. Unachokiona juu ni sehemu moja tu ya kumi. Na huku adui ni tofauti na wa Kibo, ni maji ya bahari yaliyopata joto, tangu mwisho wa miaka ya tisini yanaingia kwa chini na kuila barafu tumboni.

Nimefikia kwa mzee mmoja mvuvi, jina silitaji. Anavua halibuti, samaki bapa mwenye mafuta. Zamani majira ya baridi bahari yote hapa mbele ilikuwa inaganda, anafunga mbwa, anatoka nao juu ya bahari, anatoboa tundu, anashusha kamba yenye ndoano mamia, anakaa siku mbili tatu, anarudi na sleji imejaa. Barafu ndo ilikuwa barabara yake na ndo ilikuwa shamba lake. Kwenda kutembelea ndugu kijiji cha pili, barabara ni hiyo hiyo. Sasa hivi miaka mingine haigandi vizuri, anavua kwa boti hata Januari, na mbwa wamekuwa wachache kwa sababu mbwa anakula mwaka mzima hata kama kazi yake ni wiki chache. Amebaki na saba. Kaskazini mwa mstari wa Aktiki, kama hapa, haruhusiwi mbwa wa aina nyingine yoyote, ili damu yao isichanganyike, kwa hiyo ukiwasikia wanavyolia usiku ni mlio ule ule uliosikika hapa mamia ya miaka.

Alinipeleka Oqaatsut kwa boti, kijiji cha watu wasiofika 50, duka moja linalouza kila kitu kuanzia maziwa mpaka risasi. Vijiji vingi vidogo kama hivo nyumba hazina bomba, ardhi ni jabali na baridi inapasua kila kitu, unaenda na dumu lako kuchota maji kwenye nyumba ya maji. Nilipoona mtoto na dumu nilitabasamu mwenyewe. Kulikuwa na kaffemik, ni kama sherehe ya mlango wazi, hii ilikuwa ya birthday, unaingia, unavua viatu, unapewa kahawa na keki na supu ya nyama ya sili, yule mnyama wa baharini, ukishiba unanyanyuka umpishe mwingine. Hakuna aliyeniuliza nimealikwa na nani.

Jumapili nilienda kanisani. Walutheri kama sisi baba mdogo! Maneno sikuelewa hata moja lakini wimbo wa pili nilijua tuni yake kuanzia nota ya kwanza, ni ule wa siku za mavuno kwetu, nikauimba kwa Kiswahili kimya kimya na dirisha la kanisa limejaa barafu inayopita baharini.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Jana usiku mzee alizima injini katikati ya vipande, akaweka kidole mdomoni. Kwanza sikusikia kitu. Halafu ikaanza, chwi chwi chwi pande zote, kama mafuta kwenye kikaango, ni hewa iliyofungiwa ndani ya barafu tangu enzi za kale sana, barafu ikilika vipovu vinapasuka kimoja kimoja. Na kwa mbali, mlio mmoja mzito, kitu kimekatika, boti ikainuka ikashuka taratibu. Nililia, na mzee hakuuliza chochote, akavua kipande majini kwa wavu akakiweka kwenye bakuli, akanisogezea sikioni.

Nimerekodi dakika nne, nimezituma kwa mdogo wangu pamoja na barua hii. Uvae hedifoni zile kubwa nilizokuachia, ukae nyuma kwenye migomba kusiwe na kelele. Kuanzia dakika ya pili kuna mlio unarudi mara tatu, kavu, kama kuni mbichi inayopasuka motoni. Hapa kila mtu nimemuuliza anasema ni kipande tu kinakatika, lakini wewe ndo umelala juu pembeni ya barafu nyingine. Ni huo? Ndo huo uliokuwa unatuigia jikoni kwa bibi?

Nipigie hata usiku, mi silali. Na Desemba nakuja, nina maswali yanajaza daftari.

Mwanao