Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Lindi kuhusu wakunga waliochoka

Ndugu Mganga Mkuu,

Pokea salamu zangu. Nimestaafu ukunga, lakini mabinti walioko kazini bado wanakuja barazani kwangu, na wanayonieleza siwezi kukaa nayo peke yangu.

Mama akifariki kwa uzazi, taarifa inatolewa ndani ya saa 24, kisha kinakaa kikao cha kujadili kifo. Partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, inakaguliwa, saa ya rufaa inaulizwa, damu ilikuwepo au haikuwepo. Kikao hicho sitaki kiguswe, kina kazi yake. Ila mkunga anaulizwa alifanya nini. Yeye mwenyewe anaendeleaje, haulizwi na mtu.

Binti mmoja wa zahanati ya mbali alimpoteza mama aliyetokwa damu baada ya kujifungua, gari la wagonjwa likiwa bado njiani. Kabla ndugu hawajafika alizifua kanga za marehemu, ili wasizione zilivyokuwa. Akatia udhu, akaswali alfajiri, na saa mbili akafungua kliniki, maana akina mama na watoto walishajaa kwenye benchi na hakukuwa na wa kumpokea zamu. Sasa kijijini wanasema, "Nesi yule kawa mkali." Namjua tangu akiwa mwanafunzi. Si mkali hata kidogo. Amechoka mpaka huruma imemkauka.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona hufanyi lolote la maana. Halikuiita ugonjwa. Lilisema inatokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Basi tiba yake nayo ianzie kazini.

Sisi tunawaambia wasali. Naamini hivyo kwa moyo wote. Dua imenivusha usiku mwingi wodini, na nimeona Waislamu na Wakristo wa zamu moja wakiombeana bila kuulizana dini. Tunawaambia pia kwamba Mola hamtwishi mja asichokiweza. Ni kweli, lakini ratiba ya zamu tunaiandika sisi.

Kwa hiyo nakuomba: mkunga ambaye mama aliyekuwa akimhudumia amefia mikononi mwake apewe japo siku mbili za kupumzika, na kituo cha afya cha jirani kitoe mtu wa kumshikia. Apate pia wa kuzungumza naye faragha, asiwe bosi wake wala mjumbe wa kile kikao. Na likizo yake ya siku 28 isiahirishwe kila mwaka kwa sababu yuko peke yake.

Wa kuzungumza nao tupo, wastaafu wa Lindi, Ruangwa na Nachingwea. Tuite tu. Huko Liwale wakati wa masika tutaongea nao hata kwa simu.

Naomba jibu kabla ratiba ya mwezi ujao haijabandikwa ukutani.

Mkunga mstaafu,
Lindi Mjini